Kiambishi Kisicho na Kazi: Upatanisho wa Kiingereza kwa Mwanafunzi Mswahili

Mwanafunzi wa sekondari akiandika "She go to school", walimu wengi husema ni athari ya lugha mama. Maelezo hayo, ambayo mzizi wake ni uchanganuzi linganishi wa Lado (1957), hayasimami mbele ya sarufi ya Kiswahili yenyewe. Hakuna Mswahili asemaye "vitabu kimeanguka". Lau mazoea ya lugha ya kwanza yangehamia moja kwa moja, upatanisho ungekuwa miongoni mwa mambo ambayo wanafunzi wetu hujifunza mapema. Kwamba -s ya nafsi ya tatu umoja huchelewa, hilo halina ubishi: Brown (1973) alilionyesha kwa watoto wa Kimarekani, Dulay na Burt (1974) kwa watoto wanaozungumza Kihispania na Kichina. Ubishi uko kwenye sababu.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka kwa Ionin na Wexler (2002), waliochunguza watoto Warusi wanaojifunza Kiingereza. Watoto hao waliidondosha -s mara nyingi, ilhali "is" na "are" hawakuzidondosha kwa kiwango hicho. Na walipotumia maumbo ya upatanisho, waliyakosea mara chache sana. Kirusi kina upatanisho, tena wa viambishi tamati. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa ugeni wa dhana ya upatanisho, wala mahali kiambishi kinapokaa. Ninavyoona, tatizo ni kazi ya kiambishi. "Vimeanguka" ni sentensi kamili; kiima kikiondoka, vi- hukiwakilisha. Katika "nyumba imebomoka" na "nyumba zimebomoka", nomino haibadiliki hata kidogo, na kitenzi pekee ndicho kinachotaja idadi. Katika "The teacher writes", kinyume chake, -s hurudia kile ambacho kiima kimekwisha kusema, na baada ya "can" au katika wakati uliopita hutoweka kabisa. Msemaji aliyezoea kiambishi chenye habari ana kila sababu ya kukipuuza kisicho nayo.

Wapo watakaosema kwamba silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, hivyo "walks" humshinda mwanafunzi kutamka. Lakini "books" huishia na sauti zizo hizo, na wingi wa nomino hutangulia kueleweka. Isitoshe, kosa hili limejaa katika maandishi, ambako ulimi hauhusiki.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, kukaririsha kanuni ambayo mwanafunzi tayari anaijua ni kupoteza kipindi. Mazoezi yaanze pale ambapo -s ina habari ya kutoa: "The sheep sleeps" na "The sheep sleep" zisomwe sambamba na sentensi za nyumba, na mwanafunzi aulizwe ni kondoo wangapi. Sentensi za namna hiyo ni chache katika Kiingereza, na haijathibitika kwamba umakini unaojengwa hapo utavuka hadi "The teacher writes". Hilo ndilo linalostahili kupimwa madarasani, badala ya tasnifu nyingine ya kuorodhesha makosa.