Dumu la Njano

Katika stoo ya nyumba yangu hapa Singida lipo dumu la njano la lita 20 ambalo halijapata kutiwa mafuta hata siku moja. Wajukuu wamekwisha kulizoea. Mgeni akiuliza, huambiwa, "Hilo ni la Dubai la babu." Siku hizi vijana kadhaa wamenijia kutaka habari za kufanya biashara katika nchi za Ghuba, na kila mara najikuta naanza mbali kuliko walivyotarajia. Basi nimeona heri niyaandike.

Nianze na njia ya misafara. Katika karne ya 19, bidhaa zilizotoka pwani kwenda Kaze, yaani Tabora ya leo, zilikatiza Ugogo kisha zikaingia katika pori lililoogopwa sana na wapagazi kwa ukosefu wa maji, likaitwa Mgunda Mkali. Pori hilo ni upande wa Manyoni na Itigi, katika mkoa wetu huu. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857. Wapagazi waliokwenda bara walibeba shanga, nyaya na vitambaa. Waliorudi pwani walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao wakaswagwa binadamu waliotiwa utumwani.

Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Unguja, nchi ndogo ya kisiwa iliyoishi kwa biashara. Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake huko, alielewa kwamba nchi ndogo haiwezi kumlazimisha mgeni kuja, sharti imvutie. Mwaka 1833 alifanya mkataba na Marekani, ushuru wa bidhaa zinazoingia ukawa asilimia 5, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akafungua ofisi Unguja. Kitambaa kilichofumwa huko kwao kikavaliwa hadi bara, kikapata jina tunalolitumia hadi leo: merikani. Pembe nazo zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut zikachongwa vibonye vya piano. Sandarusi ilipelekwa Salem, Massachusetts, ikaoshwe huko kabla ya kuwa vanishi.

Msomaji atazame hesabu hiyo. Pembe imetoka kwetu, mgongo ulioibeba umetoka kwetu, lakini kazi ya kuigeuza kuwa kitu cha thamani imefanyika kwingine. Unguja yenyewe, ukiacha karafuu zake, haikutengeneza vingi. Ilipokea, ikapima, ikatoza ushuru, ikapakia. Kwa kazi hiyo tu ilitajirika.

Nilisomesha historia hiyo kwa miaka 14 na nilidhani naielewa. Sikuielewa mpaka iliponigharimu ng'ombe wa kaka yangu.

Miaka ya 1980 alizeti ilianza kutamalaki mashambani kwetu. Mkoa wetu una mvua chache, na alizeti ni zao linalovumilia. Mbegu iliyopendwa ni ile tuliyoiita Rekodi. Katika miaka hiyo hiyo Mmarekani mmoja, Carl Bielenberg, alibuni mkoani Arusha mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, yenye mkono mrefu wa chuma wa kusukuma na kuvuta. Zilipofika kwetu, akina mama waliokuwa wakiuza alizeti kwa debe wakaanza kuuza mafuta kwa chupa, na mashudu wakayalisha kuku. Mimi niliona zaidi ya chupa. Nikawaza mashine ya mota, na mafuta yatakayofika Dar es Salaam.

Zama nazo zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1983 tulikuwa katika msako wa wahujumu uchumi, mtu akiogopa hata kuonekana na katoni ya sabuni. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1992 yakaruhusiwa maduka ya kubadilishia fedha. Neno Dubai likawa midomoni mwa kila mtu: redio ya Dubai, betri ya Dubai, mkeka wa Dubai. Nikaacha ualimu. Mwaka 1994 ndugu sita tulichanga. Kaka yangu mkubwa hakuwa na fedha, akauza ng'ombe 11 kati ya 19 aliokuwa nao. Aliponikabidhi fedha alisema neno moja tu: "Mdogo wangu, hawa ni watoto wangu." Alimaanisha karo na mahari.

Nilifika Deira, upande wa pili wa hori ya Dubai, nikakuta majahazi yamefungwa matatumatatu, yamejaa majokofu na matairi. Wakala mmoja niliyeelekezwa alipokea malipo ya awali ya mashine, akanipa risiti yenye mhuri mzuri. Wiki ya pili ofisi yake ilikuwa na wapangaji wengine. Polisi walinisikiliza kwa adabu na kuandika maelezo yangu. Fedha hazikurudi.

Aliyeniokoa ni lugha. Nilikuwa nimekaa nje ya mgahawa, nikijisemea peke yangu kama mwendawazimu, nikasikia, "Mwanangu, una nini?" Alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1964 kama wengi waliokimbilia Ghuba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na machozi yakanitoka. Alinichukua kwake. Mwanawe alikuwa mshirika katika karakana ndogo, nje ya mji, iliyotengeneza madumu ya plastiki. Viza yangu ya matembezi haikuniruhusu kufanya kazi, kwa hiyo kwa wiki saba nilikwenda pale kama mgeni, nikikaa kwenye kiti na kutazama. Sijapata darasa kama lile.

Chenga za plastiki zilitoka nchi jirani. Mashine ilitoka Ulaya, kalibu zikatoka India. Mafundi walikuwa watu wa Kerala, wakilala sita katika chumba kimoja na kutuma mshahara kwao. Kwenye karatasi, sehemu kubwa ya kampuni ilikuwa ya mwenyeji mmoja ambaye sikumwona akifika, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 ilitaka asilimia 51 ya kampuni iwe ya raia. Yeye alilipwa ada yake kila mwaka. Ni katika eneo huru la Jebel Ali tu, lililoanzishwa mwaka 1985, mgeni aliweza kumiliki kiwanda chake chote. Sheria hiyo ya asilimia 51 ililegezwa mwaka 2021, lakini wakati ule ndiyo ilikuwa mlango, na kafili ndiye mwenye ufunguo.

Nilimwuliza yule mzee, "Sasa hapa cha Dubai ni kipi?"

Akacheka. "Cha Dubai ni ile barua iliyojibiwa siku hiyo hiyo. Umeme haukatiki. Meli haingoji. Hayo ndiyo wayatengenezayo, mwanangu."

Jibu hilo lilinisumbua, nikaanza kuulizia historia ya mahali pale. Dubai iliwahi kuishi kwa lulu. Lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa dunia wa miaka ya 1930 vikaiua biashara hiyo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, bandari za Uajemi zilipopandisha ushuru, mtawala wa Dubai aliufuta wa kwake, na wafanyabiashara wa Lingah wakahamia kwake na mali zao. Sheikh Rashid aliyeanza kutawala mwaka 1958 alikopa fedha, zikiwemo za Kuwait, akachimbua ile hori iliyokuwa ikijaa mchanga, na mwaka 1961 kazi ikaisha. Hapo mafuta ya petroli yalikuwa hayajagunduliwa. Yaligunduliwa mwaka 1966. Mwaka 1979 kiwanda cha aluminiamu kikaanza kazi Jebel Ali, katika nchi isiyo na madini hayo hata kidogo. Malighafi ililetwa kwa meli.

Nikafikiri juu ya kwetu. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba. Dhahabu tulikuwa nayo. Alizeti tulikuwa nayo. Dumu la kutilia mafuta ya alizeti hatukuwa nalo! Tulikuwa tukiokota yale ya njano yaliyokuja na mawese ya ng'ambo, tukayasuuza kwa maji ya moto na majivu, tukatia mafuta yetu yakanuke mawese.

Lakini sikutaka kudanganywa na sifa, na sitaki msomaji adanganywe. Wale mafundi wa Kerala hawakuwa na watoto wao karibu. Aliyeugua alihesabu siku. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutumaini kuzikwa pale kama mwenyeji. Nchi ndogo ya biashara humkaribisha kila mtu kwa masharti kwamba kila mtu aendelee kuwa na faida. Unguja ya zamani nayo ilikuwa hivyo, tena kwa ukatili mkubwa zaidi, mpaka soko lake la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Kwetu mtu asiye na faida bado ni mjomba wa mtu.

Nilirudi mapema mwaka 1995, bila mashine, na dumu moja nililopewa na yule mzee kama zawadi. Nilishuka kwenye basi kutoka Dodoma saa mbili usiku, nikaenda moja kwa moja kwa kaka. Nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mkewe: "Mletee shemeji yako maji ya kuoga." Hakuniuliza habari za ng'ombe siku ile, wala siku nyingine yoyote. Binti yake wa pili hakuendelea na sekondari mwaka ule. Hilo ndilo deni halisi, na halina risiti.

Nilianza upya na mashine mbili za mkono, nikanunua ya mota kwa fedha za mafuta yenyewe, baada ya miaka minane. Ng'ombe niliwarudisha mmoja mmoja. Kaka alifariki nikiwa nimerudisha tisa. Wawili wa mwisho niliwakabidhi kwa yule binti, ambaye leo ana mashine yake mwenyewe na ananishinda kwa hesabu.

Leo alizeti imetapakaa mkoa mzima, na viwanda vya kukamua vipo, vikubwa na vidogo. Bado tunategemea kauli ya bajeti. Ushuru wa mawese ukipanda, kama ulivyopandishwa mwaka 2018, mkulima anapumua. Ukishuka, gunia linalala. Bado tunanunua madumu. Nikiwaambia hivyo vijana wanaonijia, wengine hudhani nawakataza safari. Sikatazi. Nawaambia waende, wakae kwenye kiti, watazame nani anatoa nini na nani anabaki na nini. Na fedha ya ndugu wasimpe mtu yeyote kwa sababu ya mhuri.

Dumu lenyewe sitalitia mafuta. Yule binti amekwisha kunicheka, akasema, "Baba mdogo, lita 20 zimekaa bure miaka yote hii." Nikamjibu kwamba si bure. Lakini najua siku nitakapoondoka atalichukua, atalisuuza, atalijaza, na atakuwa na haki.