Kurudia na kuendeleza

Kitenzi "kurudia" kina maana ya kufanya tena jambo lililokwisha kufanywa, na kwa sababu hiyo hakifai kutajia uokoaji wa kazi ya mkupuo iliyokatika njiani, yaani fungu la miamala, kama vile mishahara ya wafanyakazi wote wa kampuni, ambalo programu hulipitia mfululizo bila kusimamiwa na mtu. Umeme ukizimika baada ya nusu ya mishahara kulipwa, anayerudia huwalipa watu mara mbili, ilhali anayeendeleza huanzia pale kazi ilipokomea. Uwezo huo wa kuendeleza, uliokuwamo tayari katika OS/360, mfumo endeshi wa IBM uliotangazwa mwaka 1964, hutegemea hali ya programu kuhifadhiwa kwenye diski au utepe kila baada ya hatua fulani. Katika hifadhidata za leo huongezwa sharti muhimu zaidi, kwamba muamala uliokatika katikati hutenguliwa wote kabla ya kazi kuendelea. Menyu inayoandika "rudia" mahali pa "endeleza" humpotosha mhasibu katika saa ambayo anahitaji uhakika kuliko zote.