Kombe la Shirikisho na Mji wa Ruangwa

Miongoni mwa mashindano ya mpira wa miguu yafanywayo kila mwaka katika Tanzania, Kombe la Shirikisho lina desturi yake peke yake. Katika Ligi Kuu timu hushindana kwa miezi mingi, na ile yenye fedha na wachezaji wengi ndiyo ionekanayo juu msimu ukiisha. Katika Kombe, mshinde hutoka siku ile ile aliyoshindwa, wala hapewi siku ya pili ya kujitetea. Kwa sababu hiyo timu ya mji mdogo yaweza kufika mbali ambako ligi isingeifikisha. Habari za Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, zaonyesha jinsi jambo hilo liwezekanavyo, na zaonyesha pia mipaka yake.

Ruangwa na Nachingwea ni wilaya mbili jirani, nchi ya korosho, ufuta na mihogo. Kwa muda mrefu watu wa mbali walilijua jina la Nachingwea kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kilimo cha karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, ikajengwa na reli ya kutoka pwani, ambayo ilifika Nachingwea mwaka 1949. Lakini mvua, udongo na mizizi ya miti havikufuata hesabu zilizofanywa London. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Wakazi wa sehemu hizi, basi, wamekwisha kuona jambo kubwa likija kwa kishindo kutoka nje na kuondoka bila kuaga.

Mashindano ya kombe si mapya katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni waliolitoa. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Hilo lilikuwa kombe la nchi kwa nchi. Baada ya Uhuru, vilabu vya Tanzania navyo vilikuwa na kombe lao, Kombe la Nyerere, ambalo liliendeshwa kwa miaka mingi, mara likichezwa na mara likisimama, hata likakoma mwanzoni mwa karne hii. Kwa zaidi ya miaka kumi vilabu vikabaki na ligi tu. Katika msimu wa 2015/16 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilifufua mashindano hayo kwa msaada wa kampuni ya Azam, nayo yakaitwa kwa jina la mfadhili, kama vile lile la watu wa sabuni zamani. Mwaka 2024 Benki ya CRDB ilishika nafasi hiyo ya ufadhili.

Thamani ya Kombe hili haimo katika fedha na medali peke yake. Mshindi wake hupata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Tena katika miaka ya mwanzo ilikuwako kanuni moja ambayo yafaa kukumbukwa: bingwa wa Ligi Kuu alipolitwaa na Kombe, yeye alikwenda katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na nafasi ya pili ilimwangukia yule aliyeshindwa katika fainali. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Yanga iliishinda Azam mabao 3 kwa 1 katika fainali ya mwaka 2016, na kwa kuwa Yanga ilikuwa bingwa wa ligi pia, Azam ndiyo iliyopata nafasi ile nyingine.

Desturi nyingine ya Kombe hili ni kuihamisha fainali. Ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam. Iliyofuata ilichezwa Dodoma mwaka 2017, kisha Arusha mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapelekwa Lindi katika Uwanja wa Ilulu, ambako Azam iliishinda Lipuli ya Iringa bao 1 kwa 0. Baadaye ilikwenda Sumbawanga, Kigoma, Arusha tena, Tanga, na Unguja mara mbili. Watu wa mikoani, ambao huwasikia wachezaji mashuhuri katika redio, walipata kuwaona kwa macho yao.

Mwaka huo huo wa 2019, fainali ilipokuja Lindi, timu ya Namungo ya Ruangwa ilipanda kutoka Daraja la Kwanza kuingia Ligi Kuu, pamoja na Polisi Tanzania. Uwanja wake wa nyumbani ni Uwanja wa Majaliwa, uliopewa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa, na Waziri Mkuu tangu 2015 hata 2025. Wengi walidhani kwamba timu changa hiyo itashuka upesi. Haikushuka. Chini ya mwalimu wake Hitimana Thierry, mtu wa Rwanda, Namungo ilimaliza msimu wa kwanza katika nafasi ya nne kati ya timu 20, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu, ijapokuwa michezo ilisimamishwa tangu Machi hata Juni 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona.

Katika Kombe ilikwenda mbali zaidi. Katika nusu fainali Namungo iliitoa Sahare All Stars ya Tanga, na upande wa pili Simba iliifunga Yanga mabao 4 kwa 1. Fainali ilichezwa tarehe 2 Agosti 2020 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, karibu na mpaka wa magharibi wa nchi, hali Ruangwa iko kusini mashariki. Luis Miquissone na John Bocco waliifungia Simba, Edward Manyama akairudishia Namungo bao moja, na mchezo ukaisha 2 kwa 1. Namungo ilishindwa. Lakini Simba ilikuwa imekwisha kuwa bingwa wa ligi, na kwa kanuni iliyokwisha kutajwa, mshinde wa Sumbawanga ndiye aliyeingia katika mashindano ya Afrika.

Huko nako hakuaibika upesi. Namungo ilizitoa Al Rabita ya Sudan Kusini na Al Hilal Obeid ya Sudan. Kisha ikapangiwa Primeiro de Agosto ya Angola. Mchezo wa kwanza ulikuwa uchezwe Luanda mwezi wa Februari 2021, ila baada ya timu kufika, baadhi ya watu wake walionekana kuwa na virusi vya korona, wakazuiliwa, na mchezo ukafutwa. Wakuu wa mpira wa Afrika waliamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Namungo ilishinda wa kwanza mabao 6 kwa 2, ikashindwa wa pili 3 kwa 1, na kwa jumla ya 7 kwa 5 ikaingia katika makundi. Humo ilikutana na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ilipoteza michezo yote sita, wala haikufunga bao hata moja. Raja ndiyo iliyolitwaa kombe la mwaka ule.

Jambo moja katika habari hizi halina budi kupimwa. Michezo ile ya Afrika iliyohesabiwa kuwa ya nyumbani haikuchezwa nyumbani. Ilichezwa Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Ruangwa, kwani kiwanja cha mashindano hayo sharti kikaguliwe na kukubaliwa kwa masharti makali. Mkulima wa korosho wa Ruangwa, au jirani yake wa Nachingwea, aliisikia timu yake ikicheza na mataifa, lakini kuiona ilimpasa asafiri kwa gharama yake.

Jambo la pili ni la hesabu. Kutoka 2016 hata 2025 zilichezwa fainali kumi. Yanga ilishinda tano, Simba tatu, Azam moja, na Mtibwa Sugar ya Morogoro moja. Yaani makombe tisa kati ya kumi yalikwenda Dar es Salaam. Fainali huzunguka nchi nzima, bali kombe lenyewe hurudi mahali pamoja.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Kabla ya Namungo, timu tatu za mikoani zilikuwa zimeshindwa katika fainali: Mbao ya Mwanza mwaka 2017, Singida United mwaka 2018, na Lipuli mwaka 2019. Zote tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu mwisho wa msimu wa 2019/20, msimu ule ule ambao Namungo ilicheza fainali yake. Ndanda ya Mtwara, timu nyingine ya kusini, ilishuka nazo. Heshima ya siku moja haikuzilisha timu hizo, wala haikuwalipa wachezaji mishahara yao ya mwaka uliofuata. Namungo haijafika tena fainali tangu siku ya Sumbawanga. Lakini katika msimu wa 2024/25 ilikuwa ingali katika Ligi Kuu, na timu kubwa za Dar es Salaam zilikuwa zingali zikisafiri kwenda Ruangwa kucheza nayo. Katika nchi ambayo reli yake iling'olewa, hilo la kudumu si jambo dogo. Kombe liliufungulia mji huo mlango mara moja. Ligi, kwa kazi ya kila juma, ndiyo iliyouacha wazi.