Datsun 240Z na matoleo ya S30

Datsun 240Z ni gari la spoti lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani kuanzia mwaka 1969. Nchini Japani liliuzwa kwa jina la Nissan Fairlady Z. Pamoja na magari yaliyolifuata, yaani 260Z na 280Z, linaunda familia inayoitwa S30, iliyotengenezwa hadi mwaka 1978. Magari hayo yanafanana sana kwa umbo, lakini vipuri vyake vingi havibadilishani. Kwa hiyo mtu anayekarabati gari la aina hii anahitaji kwanza kujua ni toleo gani.

== Historia ==
Gari hili lililengwa hasa kwa soko la Marekani, ambako Yutaka Katayama aliongoza mauzo ya Datsun. Umbo lake lilibuniwa na kikundi kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo. Toleo la 240Z liliendelea hadi mwaka 1973, likafuatwa na 260Z mwaka 1974. Nchini Marekani 280Z ilichukua nafasi yake kuanzia mwaka 1975.

Katika Afrika ya Mashariki gari hili lilijulikana kupitia mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiendesha 240Z, na nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta alishinda pamoja na Lofty Drews, pia kwa 240Z.

== Namba ya chesisi ==
Njia ya kwanza ya kutambua toleo ni kusoma herufi zinazotangulia namba ya chesisi. Namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, na huonekana pia kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Kila herufi ina maana yake:

* '''S30''' ni jina la bodi.
* '''L''' ni usukani wa kushoto.
* '''H''' ni injini ya L24, na baadaye pia L28.
* '''R''' ni injini ya L26.
* '''P''' ni injini ya S20 yenye vali 24.
* '''G''' ni bodi ndefu yenye viti vinne.

Hivyo HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na RS30 ni 260Z ya usukani wa kulia. PS30 ni Fairlady Z432, toleo la Japani ambalo jina lake linatokana na vali 4 kwa kila silinda, kabureta 3 na kemshafti 2.

Kuna mtego mmoja: herufi HLS30 zilitumika kwa 240Z na zikarudiwa kwa 280Z. Herufi peke yake hazitoshi hapo. Ni lazima kutazama pia tarakimu zinazofuata na tarehe ya kutengenezwa. Kwenye magari ya Marekani, mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimeandikwa kwenye kibati cha fremu ya mlango wa dereva. Tarehe hiyo ni ya kuaminika kuliko mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa kuwa gari lingeweza kusajiliwa muda mrefu baada ya kutoka kiwandani.

== Injini ==
Injini zote tatu za kawaida zina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, na kwa nje zinafanana:

* L24: sentimita za ujazo 2,393; kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7.
* L26: sentimita za ujazo 2,565, milimita 83 na 79.
* L28: sentimita za ujazo 2,753; milimita 86 na 79.

Vipimo hivi vinaeleza vipuri gani vinahusiana. L24 na L26 zina kipenyo kimoja cha silinda, ilhali L26 na L28 zina mwendo mmoja wa pistoni. Gasketi ya silinda hedi ya L24 haifai kwa L28, kwa sababu tundu lake ni dogo kuliko silinda.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na sehemu ya nyuma. Silinda hedi nayo ina alama zake, kama E31 na E88 kwenye injini za kabureta, N42 na N47 kwenye 280Z. Matundu ya ekzosi ya N42 ni ya mraba na ya N47 ni ya duara, hivyo gasketi zake hutofautiana.

Magari ya 240Z yalitumia kabureta mbili za Hitachi. Kwa soko la Marekani, kabureta za mwaka 1973 na 1974 zilibadilishwa ili kupunguza moshi. Hizo zina kifuniko bapa badala ya kuba la duara. 280Z haina kabureta bali mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia petroli.

== Giaboksi na difu ==
Magari ya 240Z ya Marekani yalikuwa na giaboksi ya gia nne, na masoko mengine mengi yalipata gia tano. Difu ya 240Z ni R180, na ya 280Z ni R200. Namba hizo ni kipenyo cha gia kubwa ya ndani kwa milimita. R200 ni nzito zaidi na vishikizo vyake ni tofauti. Aidha, mwaka 1971 difu ya 240Z ilisogezwa nyuma takriban sentimita 3.5, na upau unaoishikilia ukabadilishwa kutoka ulionyooka kuwa uliopinda.

== Bodi ==
Magari ya kwanza yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Tangu mwaka 1971 matundu hayo yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, chini ya nembo ya duara yenye herufi Z. Bampa za 240Z ni nyembamba. Kwenye 260Z za Marekani za mwishoni mwa 1974 na kwenye 280Z ni kubwa, kutokana na sheria za usalama za nchi hiyo. Bodi ya viti vinne ina umbali wa milimita 2,605 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, dhidi ya 2,305 za bodi fupi. Kwa hiyo milango na vioo vyake vya pembeni havibadilishani.

== Utangamano wa vipuri ==
Rimu hubadilishana kirahisi, kwa kuwa matoleo yote yana nati nne zenye mpangilio wa milimita 114.3. Kwa vipuri vingine, namba ya chesisi huonyesha tu jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Magari mengi yamebadilishwa injini, difu au nembo katika miaka iliyopita. Kwa sababu hiyo alama zilizo kwenye kipuri chenyewe zinapaswa kusomwa na kipuri kupimwa kabla ya kingine kununuliwa. Pale namba ya injini isipolingana na kumbukumbu za gari, gasketi, pistoni na kabureta huagizwa kwa kufuata injini iliyopo, ilhali vioo, milango na bampa hufuata chesisi.