Inanga na kinubi: chombo chenye sauti ndogo kinashindanaje jukwaani?

Tunapocheza inanga hewani, maswali mawili hurudi. La kwanza: hiki ndicho kile kinubi kinachotajwa kwenye Biblia? La pili linaulizwa zaidi na vijana: mbona kwenye mashindano ya utamaduni tunaona ngoma na kwaya, lakini inanga hatuioni?

Makala haya yanajibu yote mawili. Ili kulijibu la pili, tutatoka Kasulu na Kibondo, tupite Buganda, Ireland na Marekani, kisha turudi nyumbani.

Inanga si kinubi, ila ni jamaa yake

Tofauti iko kwenye mpangilio wa nyuzi. Katika kinubi, nyuzi hupanda kutoka kwenye kisanduku cha sauti kwenda kwenye shingo iliyopinda. Katika inanga, nyuzi hulala sambamba na ubao. Inanga huchongwa kutoka kwenye gogo moja, likachimbwa kama beseni refu lenye kina kifupi. Kwenye ncha mbili hukatwa meno, na uzi mmoja mrefu huzungushwa kutoka jino hadi jino, huku na huko, mpaka zipatikane nyuzi sita, nane au zaidi. Zamani uzi huo ulitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni au waya.

Vyombo vya jamii hii hupatikana katika ukanda wote wa Maziwa Makuu: Rwanda, Burundi, Kivu, kusini magharibi mwa Uganda, Kagera na upande huu wetu wa Buha. Wahaya huita chombo chao enanga, na waimbaji wao wamekitumia kusimulia tendi ndefu za mashujaa, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi amezichunguza kwa kina. Baganda nao wana ennanga, ila hicho ni kinubi hasa, chenye nyuzi nane na shingo iliyopinda kama upinde. Kwa hiyo ukisikia jina tu usiamue haraka. Jina ni moja, vyombo ni viwili.

Kwa nini mpigaji hunong'ona

Burundi kuna namna ya kupiga inanga ambayo imewashangaza wataalamu wa sauti duniani. Mpigaji hapazi sauti, hunong'ona. Lakini anayemsikiliza husikia kama mtu anaimba.

Siri yake iko kwenye lugha. Kirundi ni lugha ya toni, kama ilivyo Kiha. Neno moja likipanda au kushuka, maana hubadilika: *inda* kwa toni moja ni tumbo, kwa toni nyingine ni chawa. Sasa, mnong'ono hauna kupanda wala kushuka, ni pumzi tu. Kwa hiyo inanga ndiyo inayobeba toni, na mdomo unabeba maneno. Sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo kuwa wimbo mmoja. Mtafiti wa Marekani Cornelia Fales aliliandikia jambo hili tasnifu nzima mwaka 1993.

Tumelieleza hili kwa sababu lina uzito katika swali la mashindano. Inanga haikutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mpira. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wachache waliokaa karibu, usiku, wanaoelewa kila neno. Ukiipeleka uwanjani bila maandalizi, kinachopotea ni nusu ya wimbo wenyewe.

Chombo kilichopoteza mwenyeji wake

Zamani mpiga nyuzi alikuwa na mahali pa kupigia. Katika nchi za Maziwa Makuu, mahali pa heshima palikuwa kwa mwami. Falme hizo zimeondoka katika miaka michache iliyofuatana. Rwanda iliondoa ufalme mwaka 1961. Hapa kwetu mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na pamoja nayo ikaisha enzi ya watemi wa Buha: Heru kwa upande wa Kasulu, Muhambwe kwa upande wa Kibondo, Buyungu kwa upande wa Kakonko. Burundi ilifuata mwaka 1966.

Buganda inatuonyesha nini hutokea baada ya hapo. Mei 1966 ikulu ya Kabaka ilivamiwa na jeshi, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Ennanga, iliyokuwa na mpigaji mashuhuri wa ikulu aliyeitwa Temutewo Mukasa, ilikaribia kutoweka kabisa. Watu hawakuacha kuipenda. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mpigaji, "Njoo Jumamosi, watakuwepo wasikilizaji."

Ndiyo maana mashindano yana maana. Mahali ambapo hakuna mwami, shindano linaweza kuwa mwenyeji mpya. Ila inategemea shindano lenyewe linapima nini.

Shindano linapima nini?

Jirani zetu Wasukuma wana mashindano ya ngoma yanayojulikana nchi nzima. Vyama vya Bagika na Bagalu hukutana, na makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja. Linalovuta watu wengi zaidi ndilo mshindi. Ni kipimo cha haki kwa ngoma, kwa sababu kazi ya ngoma ni kuvuta watu. Mpige inanga asimame upande wa pili, ataachwa na watazamaji kabla hajamaliza kukaza nyuzi.

Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, nayo yana nafasi ya kwaya na ngoma. Hiyo ni nafasi nzuri, lakini ni nafasi ya kundi. Mtu mmoja aliyekaa chini na chombo mapajani hana pa kuingilia.

Uganda imefanya tofauti kidogo. Matamasha ya ushindani ya shule huko yana nafasi ya vyombo vya asili, na adungu, kinubi cha Waalur, kimefaidika sana. Leo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kidogo cha sauti nyembamba hadi kikubwa cha besi, na watoto ambao si Waalur wanakipiga. Lakini kuna gharama: ili vyombo vingi vipigwe pamoja, nyuzi hukazwa kwa kufuata ngazi ya muziki wa Ulaya. Shindano limekipa chombo maisha, na limekibadilisha.

Belfast, Julai 1792

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Ireland ilikuwa na wapiga vinubi waliotunzwa na mabwana wa koo. Mabwana hao waliposhindwa na Waingereza, wapigaji wakawa watu wa kutembea nyumba kwa nyumba, na wengi wao walikuwa vipofu.

Mwaka 1792 wenyeji wa mji wa Belfast waliitisha mkutano wa wapiga vinubi wenye zawadi za fedha. Walikuja 11 tu, kumi wa Ireland na mmoja wa Wales. Mmoja wao, Denis Hempson, alikuwa amepita miaka 90, na ndiye pekee aliyekuwa bado anapiga nyuzi za waya kwa kucha ndefu kama wazee wa kale. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Charles Fanning.

Jambo lililobaki na faida hadi leo si ile zawadi. Waandaaji walimwajiri kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akae karibu na wapigaji na kuandika kila walichopiga. Baada ya mkutano aliendelea kuwafuata wazee vijijini. Alichapisha juzuu tatu, ya mwisho mwaka 1840, na nyimbo nyingi tunazoziita leo muziki wa kinubi wa Ireland zimetufikia kupitia kwake. Wapigaji walikufa, na nyimbo zikabaki.

Mashindano makubwa ya leo, na mwanamke aliyepita njia nyingine

Kinubi kikubwa cha tamasha kina nyuzi 47, pedali saba na uzito wa kilo 40 hivi. Mashindano yake makubwa ya kimataifa ni pamoja na yale ya Israel, yaliyoanza mwaka 1959, na yale ya Bloomington, Marekani, yaliyoanza mwaka 1989 na hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Washiriki hupewa orodha ya kazi za kupiga, huchujwa hatua kwa hatua, na wanaofika fainali hupiga pamoja na okestra. Mshindi wa Bloomington huondoka na kinubi kipya.

Lakini mpiga kinubi aliyekipeleka chombo hiki mahali papya hakutokea kwenye mashindano hayo. Ni Dorothy Ashby, Mmarekani mweusi wa Detroit, binti wa mpiga gitaa.

Hapa tufafanue neno. Kwetu Tanzania tukisema jazz, wengi hukumbuka bendi za dansi kama Tabora Jazz au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Jazz ya Ashby ni ile ya Marekani, ambayo mpigaji hubuni papo hapo juu ya mpangilio wa kodi zinazobadilika haraka. Kwa kinubi hilo ni kazi ngumu. Kila pedali hubadilisha nyuzi zote za jina moja, kupanda au kushuka nusu sauti, kwa hiyo kodi ikibadilika, miguu lazima iwe imeshafika kabla ya vidole. Mpiga piano hanyanyui mguu kutafuta noti. Mpiga kinubi anatembea akiwa amekaa.

Wenye kumbi hawakutaka kusikia habari ya kinubi. Walikiona chombo cha malaika na cha matajiri. Ashby akapiga kwenye harusi na dansi za mtaani, akaunda bendi ndogo, akarekodi. Albamu yake ya kwanza, *The Jazz Harpist*, ilitoka mwaka 1957, na anayepiga filimbi humo ni Frank Wess. Huko Detroit alikuwa pia na kipindi chake cha redio, na yeye na mume wake John waliendesha kikundi cha maigizo. Mwaka 1968 alitoa *Afro-Harping*. Mwaka 1970, katika *The Rubaiyat of Dorothy Ashby*, alipiga pia koto, chombo cha nyuzi cha Kijapani. Kisha akahamia California, na mwaka 1976 akampigia Stevie Wonder kinubi katika wimbo "If It's Magic", sauti na kinubi tu, bila ngoma.

Ashby alifariki mwaka 1986 bila kuwa tajiri wa jina. Baadaye watayarishaji wa hip hop walichota vipande vya santuri zake, na leo Brandee Younger, mpiga kinubi aliyeteuliwa kuwania Grammy mwaka 2022, hupiga tungo zake hadharani. Hilo limewezekana kwa sababu rekodi zilikuwepo.

Na sisi Kasulu na Kibondo?

Ukiviweka Belfast na Ashby pamoja, somo ni moja. Zawadi humfurahisha mshindi kwa msimu. Kinachokiokoa chombo ni mahali pa kupigia, na mtu anayehifadhi kilichopigwa.

Kwa hiyo anayefikiria kuandaa shindano la inanga wilayani mwetu, tunamshauri hivi. Lifanyike ndani, kwenye ukumbi wa shule au kanisa, si uwanjani. Kipaza sauti kiwekwe karibu na tundu la beseni, na kingine karibu na mdomo. Waamuzi wawe wanaojua Kiha cha ndani, kwa sababu maneno ni nusu ya alama. Kila mzee aje na kijana anayemfundisha, na wapewe alama pamoja. Wanawake waingie pia: Rwanda, ambako inanga ilihesabiwa kuwa ya wanaume, Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake Thomas Kirusu tangu utotoni, na leo ni miongoni mwa wapigaji wanaojulikana zaidi. Na mlango uwe wazi kwa ndugu zetu Warundi, maana chombo na lugha vinaelewana pande zote mbili za mpaka.

Lakini usisubiri shindano. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayepiga inanga au zeze, simu yako inatosha. Mwombe ruhusa kwanza. Zima feni na redio, kaa naye karibu. Kabla hajaanza, mwache ataje jina lake, jina la wimbo, na nani alimfundisha. Apige kila uzi mmoja mmoja, ili kesho mtu ajue ulikazwaje. Kisha mwache apige mpaka mwisho, usimkatize. Akimaliza, mwombe aeleze maneno kwa maneno ya kawaida, nayo uyarekodi.

Halafu weka nakala mahali pawili. Edward Bunting alikuwa na kalamu tu.