Jina la Uamuzi: Kura Tatu na Msamiati wa Mgawanyiko ndani ya TANU, 1958–1962



Mwanaisimu anapoalikwa kuzungumzia historia, hana budi kuanza na kile anachokifahamu, nacho ni neno. Neno nililolichagua leo ni jina la tukio. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 umehifadhiwa katika kumbukumbu zetu kwa jina la Uamuzi wa Busara. Jina hili tumelizoea mno kiasi kwamba hatulisikii tena. Lakini ukilichunguza, utaona kwamba si jina tu, bali ni hukumu. Ikiwa uamuzi uliopita ulikuwa wa busara, basi waliosimama kuupinga walikuwa wamepungukiwa na nini?

Hebu tuikumbuke hali yenyewe. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya ajabu. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo likatengewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwapigia wagombea wote watatu, mmoja wa kila kundi. Akimpigia mmoja na kuwaacha wengine, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kilichotambuliwa na serikali. Umati mkubwa uliojaza mikutano ya hadhara ya TANU ulibaki nje ya mlango.

Wananchi wakauita mpango huo “kura tatu”. (Inafaa kukumbuka, kwa kupita, kwamba kura katika asili yake ya Kiarabu ni bahati nasibu, waliopiga kura zamani waliiachia bahati iamue.) Katika maneno hayo mawili mna malalamiko yote. Aliyeyatamka hakuhitaji kueleza zaidi: mimi nina haki moja, nanyi mnanipa karatasi yenye matakwa matatu, mawili kati yake si yangu.

Hapo ndipo chama kilipogawanyika. Upande mmoja ulitaka TANU iususie uchaguzi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, na naomba tuipe uzito inaostahili. Walisema kwamba kushiriki ni kukiri kuwa Waafrika, waliokuwa karibu wote katika nchi hii, wana uzito sawa na jamii mbili ndogo sana. Chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwa ajili ya kulikataa jambo hilo kingewezaje kulitia sahihi miaka minne baadaye? Upande wa pili, ulioongozwa na Julius Nyerere, ulitazama mbele ya siku ya uchaguzi. TANU ikisusa, viti vitajazwa na UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, na serikali itadai kwamba hao ndio sauti ya Tanganyika. Mkutano ukaamua kushiriki.

Matokeo yanajulikana. TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia walioafikiana nayo, wakiwemo Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, na katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, silaha ya kura tatu ikamgeukia aliyeitengeneza. UTP haikuinuka tena. Kwa kipimo cha matokeo, Nyerere alikuwa sahihi, nami sina ubishi juu ya hilo. Ninachobishia ni kuyatumia matokeo ya 1959 kuwahukumu watu wa Januari 1958, ambao hawakuwa na namna ya kuyajua.

Zuberi Mtemvu, aliyekuwa miongoni mwa watendaji wa TANU, aliondoka akaunda African National Congress. Mwaka huohuo Sheikh Suleiman Takadir, kiongozi katika Baraza la Wazee la TANU, alitolewa chamani baada ya kuhoji nafasi ya Waislamu katika uongozi ujao. Ilikuwa nyufa ya namna nyingine, nayo ingehitaji mhadhara wake.

Kwangu mimi, kiini cha ugomvi na Mtemvu kilikuwa swali la kisemantiki lenye damu ndani yake: “sisi” ni nani? TANU yenyewe ilikuwa na utata hapo, kwani hadi mwaka 1963 uanachama wake ulikuwa wa Waafrika pekee, ilhali ilihubiri nchi isiyobagua rangi. Mtemvu alilichukua neno Mwafrika akalifanya mpaka. Nyerere alihitaji neno pana zaidi, na Kiswahili kilimpa mawili yasiyolingana. La kwanza ni mwananchi, mwana wa nchi, lenye joto la uzazi na ardhi. La pili ni raia, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni mtu anayechungwa na mtawala. Maana ya raia ilipaswa kupinduliwa kabisa, kutoka mtawaliwa hadi mwenye nchi, ili sheria ya uraia ieleweke.

Mpinduo huo haukuwa rahisi. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, wabunge wa TANU yenyewe walisimama wakitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere aliwajibu kwa ukali na kusema kwamba serikali yake ingejiuzulu muswada ukishindwa. Ukapita. Mjadala huo uliendeshwa kwa Kiingereza, na nadhani hilo lilipunguza makali yake: kwa Kiingereza lilikuwa suala la kisheria, kwa Kiswahili lingekuwa suala la nani ni mwana na nani ni mgeni. Waliokuwa nje ya ukumbi walilijadili kwa lugha hiyo ya pili.

Mwaka 1962, katika uchaguzi wa rais, Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere. Alipata kura 21,276, Nyerere kura 1,127,978. Miaka mitatu baadaye sheria ilikifanya TANU kuwa chama pekee Tanganyika, na swali likafungwa.

Wale 21,276 hawana jina katika msamiati wetu wa historia. Uamuzi uliowashinda umepewa jina, nalo tunalisomesha shuleni. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, ninapendekeza aanze na magazeti ya Kiswahili ya miaka hiyo, Mwafrika likiwa mojawapo, na asitafute kwanza yale waliyoitwa na wapinzani wao. Atafute walivyojiita wenyewe.