Tathmini ya Miaka Kumi ya Azimio la Arusha

Azimio la Arusha, yaani tamko la chama tawala cha TANU la mwaka 1967 lililoielekeza Tanzania kwenye ujamaa na kujitegemea, lilipotimiza miaka kumi, Rais wa nchi hiyo, Mwalimu Julius Nyerere, aliandika tathmini yake, ambamo alikiri waziwazi kwamba nchi haikuwa bado ya kijamaa wala yenye kujitegemea. Waraka huo uliyataja mafanikio, hasa upanuzi wa elimu ya msingi na kupungua kwa pengo la vipato, lakini uliyakabili pia mapungufu ya kilimo na tija ndogo, yaani uzalishaji usiolingana na nguvu iliyotumika, katika mashirika ya umma. Ni nadra, na ni jambo la kuheshimiwa sana, mwasisi wa mpango kuukosoa hadharani ilhali angali madarakani.